Sare 24 za kwaya, wiki ya uchaguzi

Jumanne, 28 Oktoba 2025. Iringa hadi Uyole

Nimepandia basi Ipogolo saa mbili na nusu asubuhi, begi la shangazi kaja mapajani, maana kondakta alitaka kulisukumia kwenye buti pamoja na ndoo za mafuta ya alizeti nikamkatalia. Ndani kuna sare 24 za kwaya ya akina mama. Rangi ya damu ya mzee, kola nyeupe, na kifuani kushoto mwanakondoo mwenye bendera, alama ya Wamoravian. Mashine ya kudarizi sina. Kila mwanakondoo nimemdarizi kwa mkono, wiki tano, usiku baada ya kazi za wateja. Jana nikipiga pasi ndipo nikaona wa 17 ameelekea pasipo. Wenzake wote wanatazama katikati ya kifua, yeye anatazama kwapa.

Kwaya ni ya usharika mdogo wa Rungwe, mwendo wa kama nusu saa kwa miguu kutoka Misheni, ambako nilibatizwa. Niliolewa Iringa kwa Walutheri na sasa nasali kwao, lakini kwaya aliyoimbia mama yangu bado inaniita "fundi wetu". Jumapili wana sikukuu ya mavuno.

Baba Baraka aliniuliza jana, na kura je? Nimejiandikisha Iringa na uchaguzi ni kesho. Nikamjibu kwamba chama kikuu cha upinzani hakimo kwenye karatasi, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, tangu walipomkamata Mbinga mwezi Aprili, yuko ndani kwa kesi ya uhaini. Sikuona cha kunibakiza. Wapo watakaosema nimekosea, na pengine kweli.

Mafinga mbao, mayai ya kuchemsha, mbao tena. Makambako upepo ule ule. Hapo ameshuka bibi niliyekaa naye, anakwenda Njombe, kwao Yakobi. Njia nzima alikuwa ananisimulia alivyosimuliwa na bibi yake kwamba mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilifika hadi misheni ya Yakobi, wakakimbia na watoto mgongoni, na njaa iliyofuata ikaua kuliko mikuki. Aliposhuka akaniambia, "Mwanangu, ukifika kwenu nunua unga kwanza." Nikacheka. Sikununua.

Chimala mashamba ya mpunga yamekauka, yanangoja mvua. Uyole saa tisa alasiri, kwa mdogo wangu.

Jumatano, 29 Oktoba. Uyole

Asubuhi kimya. Shule iliyo jirani ni kituo cha kura, watu wachache, mmoja mmoja, wengine wakitazama begani kabla ya kuingia.

Mchana nilimwandikia Baraka, mwanangu, yuko Dar es Salaam anafanya kazi kwenye duka la vipuri. Niliandika neno moja, "Umekula?" Tiki moja. Baada ya saa nzima bado tiki moja. Shemeji akazima simu yake, akawasha, akatoa laini akaipuliza, akairudisha. Intaneti haikuwepo kwake, kwangu wala kwa jirani.

Alasiri tulisikia milio upande wa mjini. Mimi kwa macho yangu niliona moshi upande wa Mwanjelwa na vijana wanakimbia kando ya lami, mmoja ana ndala moja mguuni. Mengine nimesimuliwa na sitayaandika. Mdogo wangu akafunga geti, akaweka na jiwe nyuma yake, jiwe ambalo hata mbuzi angelisukuma.

Jioni redio ikatangaza kwamba Dar es Salaam ni marufuku kutoka nje kuanzia saa kumi na mbili. Nikapiga simu ya kawaida. Namba unayopiga haipatikani. Nilipiga mara 31, kisha nikaacha kuhesabu.

Alhamisi, 30 Oktoba. Bado Uyole

Hakuna gari la Tukuyu. Shemeji ni mwalimu, leo amebaki nyumbani kama watumishi walivyoagizwa, na mtu aliyezoea kufundisha akikosa darasa atawafundisha walio sebuleni.

Mdogo wangu alianzisha sala ya asubuhi. Akaomba amani. Akaomba tena amani. Aliposema mara ya tatu, shemeji akafumbua macho kabla ya amina.

"Ninyi dada zangu," akasema, "mbona kila siku mnaomba amani tu? Haki mmemwachia nani aiombe?"

Mdogo wangu akamwambia hapa tuko kwenye maombi, siyo kijiweni. Shemeji hakunyamaza. Akaanza kutaja. Padre Kitima, katibu mkuu wa Baraza la Maaskofu, alipigwa Kurasini mwezi Aprili. Kanisa la Askofu Gwajima lilifutiwa usajili Juni. Na hapa hapa Mbeya, mwanaharakati Mdude Nyagali alichukuliwa nyumbani kwake usiku mwanzoni mwa Mei na mpaka leo hajaonekana. "Huyo ni wa mji huu," akasema. "Jumapili zile nilikuwa kanisani. Tuliombea mvua."

Hapo hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa na hasira naye, maana mtoto wangu hapatikani na yeye ananitolea hoja. Lakini pia nilikuwa nimekaa kwenye ibada za namna hiyo, Iringa, na niliombea mvua kama wengine.

Mchana, wamelala, nikachukua Biblia ya shemeji. Ana tabia ya kupigia mistari kwa kalamu nyekundu, kama anasahihisha. Isaya 32:17 ameupigia mara mbili: "Na kazi ya haki itakuwa amani, na mazao ya haki yatakuwa utulivu na matumaini daima." Mstari huo nimeusikia kwenye harusi, kwenye uzinduzi wa visima, kwenye hotuba. Sijawahi kuusoma kwa mpangilio wake. Matumaini yako mwisho kabisa wa foleni. Mbele yake kuna utulivu, mbele ya utulivu kuna amani, na aliyeshika mlango ni haki. Sisi tunakwenda moja kwa moja kwa yule wa mwisho, tunamvuta shati tukimwambia atoke kwenye foleni aje.

Sasa, kama ndivyo, mtu ambaye haki haijamfikia anaishi na nini? Hilo Isaya hakuniandikia kwenye mstari ule. Nilifungua Habakuki, kitabu cha sura tatu tu, nabii ambaye sentensi yake ya kwanza kwa Mungu ni malalamiko: "Ee BWANA, nilie hata lini, wewe usitake kusikia?" Nilipumua kidogo. Angalau haya nayo yameandikwa, na hayakufutwa.

Shemeji alipoamka nikamwambia mstari wake nimeuona. Akasema, "Upi?" Nikamwambia. Akasema aliupigia mstari mwaka 2020, amesahau.

Baraka hapatikani.

Ijumaa, 31 Oktoba. Uyole hadi Rungwe

Nimepata Kanta iliyoleta ndizi ikawa inarudi tupu. Dereva alinitaka elfu kumi na tano, pesa taslimu, na wakala wote niliowaona wamefunga vibanda. Mdogo wangu akatoa kwenye kopo la sukari. Tumekaa watu tisa nyuma juu ya majani makavu ya migomba, begi katikati yangu na mama mwenye kuku.

Karibu na Kiwira tukasimamishwa. Askari watatu, mmoja kijana mno, kofia kubwa kuliko kichwa. Akapanda, akauliza begi la nani. Akasema fungua. Vidole vyangu vilishindwa kufungua zipu, akaifungua mwenyewe, akatoa sare ya juu, akaikunjua, akaigeuza.

"Hii nini? Mbuzi?"

"Mwanakondoo, afande."

Akapitisha kidole gumba juu ya uzi wa manyoya, taratibu, kuanzia mgongoni mpaka mguuni, kama mtu anayetafuta kasoro. Kucha zake zilikuwa zimeliwa hadi nyama. Akauliza nani kashona. Nikasema mimi. Akaikunja vizuri kuliko alivyoikuta, akairudisha, akashuka. Hakusema kitu kingine.

Ana umri wa Baraka. Nimejaribu njia nzima kujua nimwombeeje. Afanikiwe kazini? Asifanikiwe? Mwishowe nilimwombea mama yake, na huyo simjui.

Mvua ya Tukuyu ikatukuta kabla ya kushuka, ile nyembamba isiyo na sauti. Nimefika Rungwe saa kumi na moja, ukungu umeufunika mlima mpaka kwenye mashamba ya chai. Mwenyekiti wa kwaya alinipokea barabarani kwa mwavuli uliovunjika mbavu mbili. "Ugonile," akaniambia, salamu ya asubuhi, saa ile ya jioni. Nikagundua kwamba hata yeye hajalala.

Jumamosi, 1 Novemba. Rungwe

Asubuhi redio imetangaza matokeo. Rais Samia Suluhu Hassan ameshinda kwa karibu asilimia 98. Tulikuwa jikoni, watu sita, tunamenya ndizi. Mwenye kisu akaendelea kumenya. Mmoja akaguna. Redio ikaweka wimbo.

Akina mama walikuja kujaribu sare saa nne. Walitakiwa 24, wamekuja 19. Mchana wakafika wengine wanne, wamelowa, wametembea kutoka upande wa pili kwa sababu bodaboda hazionekani. Vicheko vilikuwepo, nisidanganye. Mmoja amenenepa tangu nilipomtumia fundi wa hapa achukue vipimo, akaingia nusu akakwama na mikono juu, tukamvua kama gunia. Aliyekosekana ni Mama Lusajo, sauti ya kwanza. Mtoto wake Lusajo ni bodaboda Mbeya mjini. Alitoka Jumatano asubuhi na pikipiki ya tajiri.

Alikuja jioni. Hakulia. Akauliza sare yake iko wapi, na iliyobaki ilikuwa ile ya 17. Akaiacha kwangu, akarudi kwake.

Mchungaji akasema hakuna mazoezi, kwaya itashika maombi ya mnyororo usiku kucha mpaka kesho jioni, kila mtu saa yake. Mzee mmoja wa kanisa, amepita miaka 80, alisimama kueleza mnyororo ulianzia wapi. Wamoravian wa kwanza pale Herrnhut, Ujerumani, walikuwa wakimbizi waliotoroka Moravia kwa ajili ya imani, na wakiwa ugenini wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe mpaka kijiji kikakaribia kuvunjika. Mwaka 1727, tarehe 27 Agosti, wanaume 24 na wanawake 24 wakaanza kupokezana, saa moja moja, usiku na mchana. Uliendelea zaidi ya miaka 100. "Na sisi tunao 24," mzee akasema, akatuhesabu kwa kidole, akapata 23 na fundi.

Baadaye, kwenye moto, nikamkalia karibu. Aliniambia habari za 1916. Wamisionari Wajerumani walikuwa hapa tangu 1891. Waingereza walipoingia kutoka Nyasaland wakawachukua wote mateka. Makanisa yakabaki na walimu na wazee wa hapa hapa, vijana wengi wamechukuliwa upagazi wa vita, chakula hakuna, kisha 1918 ikaja ile homa ya dunia. Wamisionari walikaa karibu miaka kumi hawajarudi. Babu yake huyu mzee alikuwa mpiga kengele.

"Nilimuuliza," akasema, "babu, mlijuaje kwamba yataisha? Akaniambia, hatukujua. Kwani Jumapili ilikuwa inatuuliza? Ilifika, nikapiga kengele."

Nilitaka aongeze kitu, wazee huwa wanaongeza. Akachokoa meno, akaomba chai.

Saa yangu ilipangwa saa tisa usiku. Kanisa lina baridi ya kukata masikio, nimejifunga vitenge viwili. Niliyempokea akanishika mkono, akasema "Ndaga," asante, akaenda zake, nikabaki mimi, taa ya chaji na lile begi. Nikapiga magoti. Nikasema, Bwana, Baraka. Halafu sikuwa na kitu. Nilijaribu Baba Yetu nikafika "mapenzi yako" nikakwama pale, maana sikuwa na hakika nayataka.

Basi nikainuka, nikakaa kwenye benchi la mbele, nikatoa sare ya 17 na wembe. Nikaanza kumfumua mwanakondoo. Uzi wa kudarizi ukiwa umekaa vizuri hautoki kwa kuvuta, unakata fundo moja moja kwa nyuma, kisha unatoa kwa sindano, na kitambaa kinabaki na vitundu kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Unavisugua kwa ukucha mpaka vijifunge. Nikamchora upya kwa chaki, akitazama kwa wenzake. Saa moja ilitosha kichwa, mgongo na miguu mitatu. Mguu wa nne niliumaliza aliyenifuata akiwa tayari amepiga magoti, akanionyesha kwa macho kwamba saa yangu imekwisha. Bendera haikupatikana.

Kama hayo ni maombi, niliomba. Kama siyo, mnyororo wa Rungwe una pete moja ya uzi.

Jumapili, 2 Novemba. Rungwe

Kengele ilipigwa saa mbili. Mavuno yameletwa madhabahuni, mikungu ya ndizi, viazi, maparachichi kwenye karai, debe la mahindi, jogoo mmoja aliyefungwa miguu ambaye aliitikia kila salamu ya mchungaji.

Mahubiri yalikuwa mafupi, na kwa sauti ya chini, na ya Habakuki. Nilishtuka, kana kwamba mtu amenichungulia Uyole. Mchungaji hakutaja uchaguzi hata mara moja. Hakuhitaji, alisoma "nilie hata lini" akanyamaza kama dakika nzima, na katika dakika ile jogoo pekee ndiye aliyesema. Wengine baadaye walimlaumu, walitaka aseme. Mimi sijui ningesema nini mbele ya watu ambao sijui nani kakaa kati yao.

Kwenye sala ya kanisa akawaombea wenye mamlaka. Kiitikio kilitoka, lakini chini chini, kama watu wanaosalimiana na aliyewadai. Akawaombea walio mahabusu, walio hospitali, na wanaotafuta watu wao. Hapo paa lilisikika.

Kwaya iliimba. Mama Lusajo alisimama mstari wa mbele na mwanakondoo asiye na bendera, mdomo umefungwa beti zote nne. Hakuna aliyemgusa wala kumbembeleza. Waliacha nafasi ya sauti yake ikabaki wazi, wenzake wa sauti ya kwanza hawakuiziba, na mimi niliyeketi nilisikia wazi mahali wimbo ulipopunguka.

Tumetoka nje, simu ikaita, namba nisiyoijua. "Mama." Simu ya Baraka iliibwa Jumatano, akajifungia chumbani na wenzake wanne, wamekula mikate na maji. Yuko mzima. Miguu iliniishia nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nafungua mdomo kupiga kelele ya furaha, nikaona damu ya mzee imesimama mbele yangu, na pindo la sare ambalo nimelishona mimi.

"Amepatikana?" Mama Lusajo akaniuliza.

Nikatikisa kichwa kuitikia.

"Kyala asifiwe," akasema, Mungu asifiwe, na alimaanisha. Sijui alilitoa wapi neno hilo. Siku hizi zote nimesoma na kusikiliza watu kuhusu tumaini, na kitu cha karibu zaidi nilichokiona ndicho hicho, nacho kilinitia aibu.

Jumatatu, 3 Novemba. Rungwe

Rais ameapishwa Dodoma. Mtandao umeanza kurudi, simu ikatetemeka mezani robo saa nzima, na pamoja na yote ukaja ujumbe wa kutuonya tusisambaze picha za kuleta taharuki. Nilitazama tatu, nikazima. "Umekula?" imepata tiki mbili.

Nilikuwa nirudi Iringa kesho. Mama Lusajo kaja usiku, anakwenda Mbeya kumtafuta kijana, anaomba mtu wa kwenda naye.

Jumanne, 4 Novemba. Mbeya mjini

Kosta ya kwanza, saa kumi na moja alfajiri. Mama Lusajo amevaa sare. Nilimwambia itachafuka, akasema wakimwona na sare ya kanisa watamheshimu kidogo.

Tumekwenda sehemu tatu. Sitazitaja. Ya kwanza walitutuma ya pili, ya pili walitaka kitambulisho cha kijana, nacho yuko nacho kijana mwenyewe. Ya tatu ina daftari kubwa na benchi refu ukutani, akina mama wengi na akina baba wachache, wote wana picha kwenye simu au kwenye bahasha. Tumeandikisha jina. Tumeambiwa tukae.

Tumekaa tangu saa nne. Saa saba nikatoa sindano. Nyuzi ninazo, nyeupe na nyekundu, ziko kwenye kikopo cha dawa ndani ya mkoba. Nikamgeuza anielekee, nikaingiza kiganja ndani ya gauni nyuma ya kitambaa ili nisimchome, nikaanza mti wa bendera kuanzia kwenye bega la mwanakondoo. Mama wa pembeni akasogea atupishe mwanga wa dirisha.

"Usipumue sana," nikamwambia.

"Sipumui."